Mzigo Ataubeba Nani? Misingi ya Uchumi na Imani ya Mpiga Kura

Mwezi Julai 2022, zikiwa zimebaki wiki chache Wakenya waende kupiga kura, serikali iliyokuwa ikimaliza muda wake ilitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi, iliyokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya shilingi 200, ingeshuka hadi shilingi 100. Uchaguzi ulifanyika tarehe 9 Agosti. Muda si mrefu ruzuku ikakoma na bei ikarudi ilikokuwa. Rais mpya, William Ruto, alipoapishwa tarehe 13 Septemba aliwaambia wananchi kwamba ruzuku ya unga ilikuwa imemeza shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja bila manufaa yoyote, na kwamba ile ya mafuta ilikuwa imegharimu jumla ya shilingi bilioni 144. Aliahidi kwamba tangu hapo fedha za ruzuku zingeelekezwa kwa mzalishaji badala ya mlaji, na ndani ya siku chache mfuko wa kilo 50 wa mbolea ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500.

Mtu anaweza kukubali au kukataa hoja ya Ruto kuhusu ruzuku, lakini hawezi kusema haikuwa hoja. Ilikuwa ni kauli inayoeleweka kuhusu mahali shilingi ya serikali inapopaswa kwenda kwanza, na ilitekelezwa ingawa iliwaumiza watu wengi waliokuwa wamempigia kura. Miezi ishirini na moja baadaye, rais huyohuyo alilazimika kuukataa muswada wa serikali yake mwenyewe baada ya vijana kuingia ndani ya Bunge la Nairobi. Ili kuelewa jinsi chama kinavyoweza kusimama imara juu ya kanuni moja na bado kikapoteza imani ya umma kwa kasi kiasi hicho, inabidi tutenganishe mambo matatu ambayo katika mikutano ya kampeni huchanganywa kama vile ni kitu kimoja: ahadi, sera na msingi.

Ahadi ni kitu ambacho mwananchi anaambiwa atakipata, kama vile barabara, zahanati au mkopo usio na riba kubwa. Sera ni njia ambayo serikali inakusudia kuifuata ili kitu hicho kipatikane. Msingi ni jambo la ndani zaidi, kwa kuwa ndio unaoamua kitakachofanyika pale ahadi mbili zinapogombania shilingi moja. Hakuna ilani iliyowahi kuandikwa ikajua mapema ukame utakaokuja, vita vitakavyopandisha bei ya ngano na mbolea, au siku ambayo dola itapanda hadi deni la nje lisilipike kwa urahisi. Mambo hayo yakitokea, ilani haina jibu, na anayetawala hurudi kwenye swali ambalo kila bajeti hujengwa juu yake, yaani mzigo ukizidi, nani atakuwa wa kwanza kuongezewa na nani atakuwa wa mwisho. Chama chenye msingi wa kiuchumi ni kile ambacho mpiga kura anaweza kukisia jibu lake kabla swali halijaulizwa. Chama kisicho nao hutoa jibu linalotegemea nani amekaa karibu na meza siku hiyo.

Kwa maana hiyo, imani ya kisiasa inafanana sana na ile ya muuza duka anayekopesha. Muuza duka hamkopeshi mteja kwa sababu ameahidi kulipa, maana kila mkopaji huahidi. Humkopesha kwa sababu amemwona akilipa hata mwezi ambao hali ilikuwa ngumu.

Turudi Kenya. Chama cha Ruto, UDA, kwa nembo yake ya wilbaro, kiliingia madarakani kwa hoja ya uchumi unaoanzia chini kwenda juu, yaani serikali ianze na mama mboga, mwendesha bodaboda na mkulima mdogo, kisha neema ipande. Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, ambaye muungano wake wa Azimio la Umoja ulikuwa umeahidi kuzipa familia maskini shilingi 6,000 kila mwezi. Kwa nchi ambayo chaguzi zake zilizoea kuhesabiwa kwa makabila, ule ulikuwa mjadala wa kiuchumi wa kweli, na ninaamini ndio maana hasira iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko ya kawaida: safari hii watu walikuwa na kipimo mkononi.

Kipimo hicho hakikuchelewa kutumika. Sheria ya Fedha ya 2023 iliongeza kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na ikaleta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi hiyo ya asilimia 16 itozwe kwenye mkate, pamoja na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Serikali ilikuwa na sababu zake, wala hazikuwa za kubuni. Mkopo wa dola bilioni 2 uliochukuliwa mwaka 2014 kwa kuuza hati za dhamana nje ulikuwa ukiiva Juni 2024, shilingi ilikuwa imeshuka hadi kupita 160 kwa dola mwezi Januari, na ili kupunguza deni hilo Hazina ilibidi ikope tena dola bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi asilimia 10. Zaidi ya nusu ya mapato ya kodi yalikuwa yakienda kulipa madeni. Lakini msingi uliotangazwa ulisema uchumi uanzie chini, na hakuna aliyekuwa amewaambia wapiga kura kwamba kodi nazo zingeanzia hukohuko.

Hapo ndipo penye kasoro, na ni kasoro ya kimuundo kuliko ya tabia ya mtu mmoja. Hoja ya UDA ilieleza kwa kina nani angepewa, ikanyamaza kuhusu nani angelipa. Ilikuwa nusu ya msingi. Suala la deni lilijulikana na kila mtu mwaka 2022, tena lilizungumzwa majukwaani, lakini lilizungumzwa kama kosa la waliotangulia na si kama mzigo utakaohitaji mabega ya watu fulani wanaojulikana. Kwa hiyo pale mzigo ulipofika, kila kodi ilionekana kuwa usaliti, hata zile ambazo mchumi angeweza kuzitetea. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha muswada huo dhidi ya 106, siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakapigwa risasi na kuuawa, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini. Pengo la takriban shilingi bilioni 346 lilibaki palepale.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mazoezi ya wasomi, kwa kuwa mpiga kura wa Afrika Mashariki hachagui kwa hoja za uchumi bali kwa kabila, dini, kofia, khanga na kilo ya sukari. Nadhani wanaosema hivyo wameligeuza jambo juu chini. Pale vyama vinapofanana kabisa katika yale vitakayofanya na fedha za umma, mwananchi mwenye akili timamu huchagua kwa vigezo anavyoweza kuvithibitisha mwenyewe. Anaweza kuthibitisha kwamba mgombea ni mtu wa kwao, na kwamba sukari aliyopewa leo ni sukari. Ahadi ya viwanda mia moja hawezi kuithibitisha. Tanzania iliwahi hata kuiruhusu takrima, yaani zawadi na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, kisheria, kwa marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000, hadi Mahakama Kuu ilipoyabatilisha mwaka 2006. Mahakama iliweza kuifuta sheria, lakini haikuweza kuvipa vyama hoja ya kuweka mahali pa kilo ya sukari.

Kenya yenyewe ina mfano wa zamani unaoonyesha kinyume chake. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliotayarishwa chini ya uongozi wa Tom Mboya, uliiweka KANU, chama kilichokuwa kikitawala, upande wa ukuaji kwanza: fedha za maendeleo zielekezwe kule zitakakozaa zaidi, kisha matunda yasambae. Mwaka uliofuata Oginga Odinga aliacha umakamu wa rais na kuanzisha chama cha upinzani cha KPU, na miongoni mwa waliomfuata alikuwa Bildad Kaggia, aliyekuwa akidai wasio na ardhi wapewe bila kuuziwa. Mmoja alitoka Nyanza na mwingine Kandara, na kilichowaunganisha kilikuwa swali la nani anufaike na uhuru. Chaguzi ndogo za 1966 zilikuwa, kwa kiasi kikubwa, kura juu ya swali hilo. KPU ilipigwa marufuku mwaka 1969, na pamoja nayo ulizikwa mjadala wa kiuchumi kati ya vyama kwa zaidi ya miaka ishirini. Vyama vingi viliporudi mwisho wa 1991, vilirudi kwenye uwanja ambao lugha pekee iliyobaki hai ilikuwa ya maeneo na koo. Lugha hiyo haikuzaliwa na mpiga kura; ilibaki baada ya ile nyingine kunyamazishwa.

Upande wa Tanzania historia ni tofauti, na kwa suala hili ina mafunzo mazito zaidi, kwa sababu hapa kuliwahi kuwa na chama kilichotamka msingi wake kwa ukamilifu. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, linakumbukwa zaidi kwa kutaifisha mabenki na viwanda. Sehemu yake iliyojenga imani, kwa maoni yangu, ni ile iliyohusu viongozi: kiongozi wa TANU, chama kilichokuwa kikitawala, au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Azimio lilitaja wazi nani angekuwa wa kwanza kubeba mzigo, na jibu lilikuwa wale waliolitunga. Mkulima ambaye hakuwa amesoma nadharia yoyote ya ujamaa aliweza kulipima hilo kwa macho yake, kwa kutazama nyumba ya mkuu wa wilaya.

Msingi kuwa thabiti hakumaanishi kwamba ni sahihi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, kwa kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin, na pia kwa makosa ya mfumo wenyewe wa kuendesha mashirika ya umma na kununua mazao, nchi ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni. Waliokuwa watu wazima wakati huo hawajasahau foleni za sabuni na sukari. Mwaka 1979 Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, ambaye kabla ya hapo alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alishauri makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwalimu Nyerere alikataa masharti yake, na Mtei akajiuzulu. Miaka kumi na mitatu baadaye, mfumo wa vyama vingi uliporuhusiwa, Mtei alianzisha Chadema na kuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Tukio hilo lina uzito kwa sababu wote wawili walikuwa na msimamo na kila mmoja alikuwa tayari kupoteza kitu kwa ajili yake. Upinzani wa Tanzania ulikuwa na chimbuko la kiuchumi lililo wazi kuliko wengi wanavyokumbuka leo.

Kilichoigharimu CCM, chama kilichorithi TANU, baadaye ni namna ilivyobadilika. Kubadilika kwenyewe kulihitajika. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha, na milango ya biashara ikaendelea kufunguliwa. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya chama ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, kiasi kwamba mambo yaliyokuwa yamekatazwa kwa kiongozi mwaka 1967 sasa yakaruhusiwa. Azimio la Arusha lilikuwa limepokelewa kwa matembezi ya kuliunga mkono, vijana wakitembea mamia ya kilomita kwa miguu. Azimio la Zanzibar liliwafikia wananchi kimyakimya, na wengi walilitambua kwa kuona mabadiliko katika maisha ya viongozi kuliko kwa kusikia maelezo. Katiba ya chama iliendelea kuutaja Ujamaa na Kujitegemea, na inautaja hadi leo, huku mashirika ya umma yakiuzwa, ikiwemo Benki ya Taifa ya Biashara mwaka 2000. Chama kingeweza kusimama hadharani na kusema kwamba njia ya zamani imeshindwa kwa sababu hizi na hizi, kwamba njia mpya itawanufaisha hawa mapema na kuwachelewesha hawa, na kwamba viongozi watabeba sehemu yao kwa namna hii. Maneno hayo hayakusemwa. Maandishi yakabaki upande mmoja na matendo upande mwingine, na ni katika nafasi iliyo katikati ya viwili hivyo ndipo mashaka ya umma kuhusu utajiri wa viongozi yalipoota mizizi.

Upinzani nao una jambo la kujibu. Chadema ilijijengea jina katika muongo wa 2000 kwa kupigania matumizi safi ya fedha za umma, jambo ambalo ni msingi wa kiuchumi hata kama halikuitwa hivyo. Julai 2015 ilimpokea Edward Lowassa na kumfanya mgombea urais wa muungano wa Ukawa. Lowassa alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kufuatia ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, huku akilalamika kwamba kamati haikumpa nafasi ya kujieleza. Katibu Mkuu wa chama, Dk. Willibrod Slaa, aliondoka. Haki inadai tuseme kwamba kura ziliongezeka: Lowassa alipata asilimia 39.97 dhidi ya 58.46 za John Magufuli wa CCM, kiwango ambacho mgombea wa upinzani hakuwa amewahi kukifikia tangu 1995. Anayepima siasa kwa hesabu ya uchaguzi mmoja anaweza kuuita uamuzi ule ushindi. Lakini Magufuli alikuwa ameachiwa uwanja wote wa hoja ya kupambana na ufisadi, hoja ambayo wapinzani wake walikuwa wameilima kwa miaka kumi. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, naye aliyekuwa amepiga kura ili sera ibadilike akabaki akijiuliza alikuwa amechagua nini.

Sababu moja ya kuyumba huku inazungumzwa kidogo mno, nayo ni swali la nani analipia chama. Chama kinachoishi kwa ada za wanachama wengi wadogo kina watu wa kukiuliza pale kinapoacha msimamo. Kinachoishi kwa fedha za wafanyabiashara wachache, au kwa mfuko wa mgombea mwenyewe, kina watu hao wachache wa kukiuliza, na maswali yao ni mengine. Sheria ya Vyama vya Siasa ya Kenya ya mwaka 2011 ilikusudia kupunguza tatizo hili kwa kutaka fedha za umma zisizopungua asilimia 0.3 ya mapato ya serikali kuu ziende kwenye mfuko wa vyama, na Tanzania nayo hutoa ruzuku kwa vyama kwa kutazama kura na viti. Fedha hizo husaidia, ila haziwezi kuleta nidhamu inayoletwa na mwanachama aliyelipia kadi yake na akaja mkutanoni kuuliza. Chama cha ACT-Wazalendo kilipotoa Azimio la Tabora mwaka 2015, kwa nia iliyotamkwa ya kuihuisha misingi ya Arusha, kilionyesha kwamba bado inawezekana chama kuanza na andiko kabla ya mgombea. Kupima kama andiko hilo litashika kunahitaji kitu ambacho vyama vya upinzani Tanzania havijakipata, yaani kutawala bajeti ya nchi na kulazimika kuchagua.

Kwa upande wa Kenya kipimo kinaendelea sasa hivi. Juni 2024 wabunge wengi wa ODM, chama cha Raila Odinga, walipiga kura ya kuupinga Muswada wa Fedha. Wiki sita baadaye John Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa kitaifa wa ODM, aliapishwa kuwa Waziri wa Fedha katika serikali ya Ruto, na Desemba mwaka huohuo rais alitia saini marekebisho ya sheria za kodi yaliyorudisha baadhi ya mapendekezo ya ule muswada uliokataliwa. Huenda Mbadi alikuwa mtu anayefaa kwa kazi hiyo, na pengo la bajeti lilimsubiri yeyote ambaye angekaa kwenye kiti kile. Lakini mpiga kura wa Kisumu au Mombasa anayetaka, Agosti 2027, kuadhibu kodi ya juu ya bidhaa za kawaida au kuiunga mkono, itambidi kwanza atafute ni chama gani kiliipinga na ni kipi kiliitekeleza, na akivipata atakuta majina yaleyale kwenye orodha zote mbili.